Unapotaka kuchora ukuta wa mtaa, wape wakazi uamuzi

Vijana wanaonijia wakitaka kuchora kuta za mitaa ya Dar es Salaam huniuliza kwanza kuhusu rangi na wafadhili. Mimi huwauliza ni uamuzi gani hasa watawaachia wakazi, kwa sababu kuwaita watu mkutanoni waupigie makofi mchoro uliokwisha kukamilika si kuwashirikisha.

Mwaka 1981 serikali ya Marekani ilisimamisha katika uwanja wa Federal Plaza, New York, kazi ya mchongaji Richard Serra iitwayo Tilted Arc: ukuta wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 36, uliokata uwanja katikati. Wafanyakazi wengi wa ofisi za hapo, waliolazimika kuuzunguka kila siku, waliuchukia, na baada ya mabishano yaliyofika mahakamani uliondolewa mwaka 1989. Huko Los Angeles, mchoraji Judy Baca alianza mwaka 1976 kuchora historia ya California kwenye ukingo wa mfereji wa maji ya mafuriko, akiwa na mamia ya vijana wa mji huo, wengi wao waliokwisha kukumbana na mkono wa sheria, ambao walilipwa kwa kazi yao. Mchoro huo, wenye urefu wa zaidi ya mita 800, upo hadi leo, nami naamini umedumu kwa sababu wanaouona wanaikuta ndani yake historia ya jamaa zao.

Kwetu, mlango wa kwanza ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa pamoja na mjumbe wa shina, lakini usiishie hapo. Mkutano wa hadhara huwapa nafasi wale waliozoea kusema; mama lishe hana muda wa kuuhudhuria, na kijana wa bodaboda hutaja anachofikiri akiwa kijiweni. Wafuate walipo, ukiwa na karatasi na penseli, na uwe tayari kufuta mbele yao. Katika mtaa mmoja ambako ukuta wetu ulitazamana na msikiti, wazee waliomba pasichorwe sura za watu. Akina mama ndio waliopendekeza tuuchore kama kanga, wenye pindo, mji wa katikati na jina, yaani msemo wake, na jioni nzima ikaishia katika kubishania jina, maana kila mmoja alijua kwamba atalisoma kila aendapo sokoni. Mjadala wa namna hiyo usiukatishe hata kama fundi wa kiunzi anasubiri.

Kazi yenyewe igawike. Ukishahamisha mchoro ukutani kwa chaki, andika namba ya rangi katika kila kipande, ili hata mtoto ambaye hajawahi kushika brashi aweze kujaza sehemu yake ya chini bila kuharibu umbo. Ya juu waachie wazoefu.

Kuhusu ukuta, pwani yetu haina huruma. Plasta mpya iachwe ikauke takribani wiki nne, na ukuta unaoota chumvi upanguswe na kutibiwa chanzo cha unyevu kwanza, kwani rangi itabanduka hata ikiwa ya bei ghali. Epuka masika na vuli. Kati ya Juni na Septemba ndio wakati unaofaa.

Jambo linalosahauliwa mno ni mkataba na mwenye nyumba. Kampuni hulipa ili kupaka kuta matangazo, na mwenye nyumba mwenye ada za shule za kulipa hawezi kulaumiwa akikubali. Kwa hiyo andikianeni, mbele ya ofisi ya mtaa, mchoro utakaa miaka mingapi, nani ataarifiwa kabla haujafutwa, na nani atautengeneza ukichubuka. Makopo ya rangi iliyobaki yafungwe vizuri, yaandikwe namba zilezile za ukutani, na yakabidhiwe kwa mkazi aliyechaguliwa na wenzake badala ya kurudi nawe studio.