Maswali ya Wasomaji: Kebo Mpya, Ngazi Zile Zile

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa muda mrefu niliunganisha monita yangu bapa na kompyuta kwa kebo ya VGA. Herufi zilikuwa na ukungu, na kila nilipofungua picha ya anga la machweo, rangi haikufifia taratibu bali ilikatika vipande vipande kama ngazi. Nimenunua kebo ya HDMI ya bei kubwa. Herufi sasa zinasomeka vizuri, lakini ngazi za angani ziko pale pale. Je, nimeuziwa kebo mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, kebo yako ni nzima. Ulikuwa na matatizo mawili, nayo imeondoa lile moja lililotokana na kebo.

VGA ilitoka mwaka 1987, enzi za monita za kioo kinene, na hupeleka rangi kwa mawimbi ya umeme. Kompyuta hugeuza tarakimu kuwa mawimbi, kisha monita bapa huyarudisha kuwa tarakimu huku ikikadiria kila nukta inaanzia wapi; ndiyo maana kebo ndefu au isiyokingwa vizuri huacha kivuli pembeni mwa herufi. HDMI, DVI na DisplayPort hupeleka tarakimu zenyewe. Kebo ya aina hiyo ikielemewa, utaona nukta zinazometameta au skrini inayozimika kwa muda, wala rangi hazipauki. Nasikitika kila nikisikia mtu amelipa zaidi akiahidiwa kwamba kebo itakoleza rangi.

Ngazi unazoziona zinahusu idadi ya biti, yaani tarakimu za 0 na 1 ambazo kioo cha monita hutumia kueleza kiwango cha kila rangi. Kioo cha biti 6 kina viwango 64 tu kwa kila moja ya rangi tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, hivyo jumla ni rangi 262,144. Cha biti 8 kina viwango 256, jumla zaidi ya milioni 16.7, na cha biti 10 kina viwango 1,024, jumla zaidi ya bilioni moja. Fungua picha ya ukanda unaotoka nyeusi hadi nyeupe kwenye skrini yenye upana wa nukta 1,920. Kwa biti 8 kila kiwango huchukua chini ya nukta 8, na jicho hupita bila kukwama. Kwa biti 6 huchukua nukta 30, na hapo ngazi huonekana wazi. Ukanda ukiwa laini ilhali anga bado lina ngazi, basi kasoro imo katika picha yenyewe, pengine kwa sababu ilibanwa mno ilipohifadhiwa.

Kagua pia mipangilio ya kadi ya grafiki. Kompyuta ikituma viwango vya 16 hadi 235 kama inavyotumia televisheni, huku monita ikitarajia 0 hadi 255, nyeusi hugeuka kijivu na picha yote hupauka. Wengi huilaumu kebo kwa jambo hili, kumbe ni la kubofya mara moja.

Kebo huwa na neno katika rangi pale tu data inapozidi uwezo wa njia. HDMI 2.0 hubeba gigabiti 18 kwa sekunde, kiasi kisichotosha picha ya 4K (yenye upana wa nukta 3,840) ya mizunguko 60 kwa sekunde yenye biti 10 bila kupunguza taarifa za rangi, na zikipunguzwa, herufi nyekundu juu ya nyeusi huchakaa kingo.

Ukiamua kubadilisha monita, uliza biti za kioo chenyewe, kwa maana kioo cha biti 6 kinachobadilisha nukta harakaharaka kati ya viwango viwili jirani ili kuiga kiwango cha katikati huweza kuuzwa kwa maelezo ya rangi milioni 16.7.