Wasomaji Wanauliza: Ndege na Wanyama Majira ya Kuchipua

Nafika porini saa mbili asubuhi. Ndege nawasikia, lakini siwaoni. Wachache ninaowaona huruka kabla sijaelekeza darubini. Nakosea wapi?

Kwanza, umechelewa. Katika majira haya madume huimba ili kulinda himaya zao na kuvuta majike, na wengi huanza giza likingali, nusu saa au hata saa nzima kabla ya jua kuchomoza. Wakati huo hakuna mwanga wa kutosha kutafuta wadudu, na hewa iliyotulia hufikisha sauti mbali. Jua likipanda, wanashuka vichakani kula na nyimbo zinapungua. Uwe umekwisha kukaa mahali pako kabla ya mapambazuko. Tena nenda mapema katika msimu wenyewe, miti ikiwa na machipukizi tu. Majani yakishajaa, ndege yuleyule utamsikia juu ya kichwa chako usimwone.

Pili, huenda unatembea mno. Mwendo huwashtua ndege kuliko rangi ya nguo. Chagua mahali mazingira mawili yanapokutana, kwa mfano ukingo wa msitu na mbuga ya majani, au kando ya bwawa. Egemea shina la mti ili umbo lako lisijitokeze, kisha kaa dakika 20 bila kuinuka. Walionyamaza ulipofika wataanza kurudi kwenye shughuli zao. Jua liwe mgongoni kwako, la sivyo utaona vivuli vyeusi visivyo na rangi. Jaketi la nailoni linalochakarisha kila unapoinua mkono liache nyumbani.

Kuhusu darubini, tatizo la kawaida ni kuinamisha macho kuitafuta, kisha kuanza kumsaka ndege upya. Mkazie macho ndege, uiinue darubini hadi machoni bila kuyaondoa kwake. Fanya mazoezi kwa tawi lililokauka mpaka mikono izoee.

Kabla ya yote hayo, irekebishe ilingane na macho yako, maana watu wengi hawafanyi hivyo kamwe. Tazama kitu chenye kingo kali, kama tawi, kilicho mbali kidogo. Funika lenzi ya mbele upande wa kulia, uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Kisha funika ya kushoto na, bila kugusa gurudumu, zungusha pete iliyo karibu na jicho la kulia. (Kwenye baadhi ya darubini pete hiyo iko kushoto, hapo geuza mpangilio.) Baada ya hapo ni gurudumu pekee utakalohitaji. Ukivaa miwani, teremsha vikombe vya mpira vilivyo upande wa macho; usipovaa, vipandishe.

Darubini yangu ni 10x25. Mbona alfajiri picha ni giza?

Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 25 kwa 10: mwanga unaotoka kuelekea jichoni una upana wa milimita 2.5 tu, ilhali mboni ya jicho katika mwanga hafifu huweza kutanuka kufikia milimita 5 au zaidi. Darubini ya 8x42 hutoa milimita 5.25. Pia ukuzaji wa mara 10 hukuza mtetemo wa mikono na kupunguza eneo unaloliona, kwa hiyo ndege mdogo anayerukaruka hukupotea. Kwa anayeanza, tungechagua 8x42 bila kusita.

Nimeona kinda ardhini. Nimchukue?

Mtazame kwanza. Akiwa na manyoya, mkia mfupi, na anarukaruka, ametoka kiotani kwa wakati wake. Wazazi wako karibu na wanamlisha. Mwache, au msogeze kwenye kichaka kilicho karibu kama yuko njiani. Akiwa uchi au macho hayajafumbuka, mrudishe kiotani ukiweza kukifikia. Si kweli kwamba mzazi atamkataa kwa sababu umemshika.

Mtoto wa sungura-pori aliyelala peke yake nyasini naye hajatelekezwa. Mama humnyonyesha mara moja tu kwa siku, jua likishazama, na kukaa mbali ndiyo njia yake ya kutowavuta maadui. Usimguse.

Viota tunaomba mviheshimu sana. Ndege akilia kwa hofu mfululizo, akishikilia kiwavi mdomoni bila kushuka, au kitwitwi akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, uko karibu mno. Rudi kwa njia uliyojia, na usitenganishe majani upate picha. Kunguru huona pengo uliloliacha, na mayai yanapoa kila dakika mzazi anapokuwa nje. Usipige pia rekodi ya wimbo kumwita dume: atakuja kupigana na mshindani asiyekuwepo, akipoteza nguvu anazozihitaji kulisha.

Ndege nawapata, lakini wanyama hunikimbia.

Wanakunusa. Rusha vumbi kidogo uone linakoelekea, kisha ukae upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwako. Upepo na jua vikipingana, kwa wanyama fuata upepo, kwa ndege fuata jua. Mnyama anayekula akiinua kichwa, ganda hapohapo mpaka akiinamishe tena, hata kama mguu wako mmoja uko mbele.