Simu haitoshi kupima jua la sola
Kaka wa Shela unayeuliza kama programu ya simu ya kupima mwanga inatosha kabla ya kufunga sola: haitoshi. Inasoma luksi, yaani mwanga kwa jinsi jicho linavyouona, na karibu nusu ya nishati ya jua ni infraredi, haionekani. Chombo chake hasa ni piranometa: uso mweusi chini ya kuba la kioo hupata joto, joto huzaa volti kidogo, unasoma wati kwa mita ya mraba. Ghali lakini! Tumia paneli yenyewe. Ichomoe kwenye betri, ifute chumvi ya bahari, pima Isc, yaani ampea za paneli nyaya zake mbili zikiunganishwa moja kwa moja kupitia mita, kwa mita inayohimili ampea hizo. Ampea za Isc zilizoandikwa nyuma ni za jua la wati 1000 kwa mita ya mraba; ukipata nusu yake, jua ni kama wati 500.