Kreatinini ya kawaida haitoshi kukutuliza

Umesema umerithi kwa mama ugonjwa wa figo zenye vifuko vya maji, kreatinini yako (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kuonyesha kazi ya figo) ni 92 µmol/L na umeambiwa ni kawaida. Pole, ila namba hiyo isikupumbaze. Sehemu za figo ambazo bado ni nzima hubeba kazi ya zilizoharibika, kwa hiyo kreatinini inaweza kukaa palepale miaka mingi huku vifuko vikikua.

Omba wakukokotolee eGFR (makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu, hutokana na kreatinini), urudie kila mwaka kwenye maabara ileile. Siku ya kabla usile nyama nyingi wala kufanya mazoezi mazito, hupandisha kreatinini. Angalia vizio pia: 1 mg/dL ni kama 88 µmol/L, na wengi hushtuka bure hapo. Kama una misuli mikubwa, sistatini C, kipimo cha damu kisichotegemea sana misuli, ni ya kuaminika zaidi. Kopeptini, protini nyingine ya damu, huendana na kasi ya ugonjwa, lakini maabara chache huipima, usiihangaikie. Ujazo wa figo kwa MRI (picha ya sumaku) hutabiri mwendo wa ugonjwa mapema kuliko vipimo vya kawaida vya damu.

eGFR ikishuka zaidi ya 5 (mL kwa dakika) kwa mwaka, muone daktari bingwa wa figo. Presha pima nyumbani. Diklofenaki na ibuprofeni epuka. Kichwa kikipasuka ghafla kwa maumivu, au ukipata homa na maumivu ya ubavu, nenda hospitali mara moja.