Wakala wa ajira si mjomba wako

Wadogo zangu mnaomaliza mwaka huu, iwe Mweka, Ushirika Moshi au chuo cha utalii hapa Arusha, wengi wenu mtakutana na wakala wa ajira kabla ya kumwona mwajiri mwenyewe. Mimi ni mhasibu wa kambi na hoteli, nimeshapita mikononi mwa mawakala watatu. Wa kwanza nilimpoteza kwa ujinga wangu.

Ilikuwa mwezi wa tano, masika, kambi zimefungwa na mkataba wangu umeisha. Dada mmoja akanitafutia nafasi Usa River. Akaniuliza, "Kuna sehemu nyingine umefanya usaili?" Nikajibu hapana, kumbe nasubiri jibu la Karatu. Jibu lilipokuja, siku ya kuripoti Usa River nikazima simu. Aibu yote akabeba yeye mbele ya mteja wake. Baadaye tulikutana benki pale Clock Tower, akanisalimia vizuri tu, hata hakununa. Ila hakunipigia tena kwa miaka miwili.

Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba anayemlipa wakala ni mwajiri, na anachouza ni neno lake. Ningemwambia ukweli wa Karatu, angekwenda kwa mteja wake kumhimiza aamue haraka, pengine hata aongeze dau. Kwa kuficha nilimnyima silaha ya kunipigania. (Na wakala akikuomba wewe hela ya fomu au ya "kukuweka juu", nyanyuka uondoke. TaESA, huduma ya ajira ya serikali, inakuhudumia bure.)

Mshahara ndipo wengi mnapojikwaa. Ukisema laki sita, sema kama ni ya mkononi au kabla ya makato. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kawaida inachukua asilimia 10, Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama ulisoma kwa mkopo. Hapo laki moja na nusu imeshaondoka na kodi bado hujaiona. Wakala akishapeleka tarakimu yako kwa mwajiri, ukirudi kuipandisha unamfanya aonekane mbabaishaji. Piga hesabu nyumbani kwanza.

Kama uko kazini na unalipwa kwa mwezi, mwambie mapema kuwa una notisi ya siku 28. Na usisubiri Juni, watalii wamejaa, ndipo upeleke CV. Nenda Februari au Machi, wakati makampuni yanapanga watu wa msimu.

Huyu wa tatu alinipigia kuhusu nafasi ya stoo, kambi ya Serengeti. Nikamwambia haiko kwenye fani yangu, lakini kuna jamaa wa Sakina anaiweza. Jamaa akachukuliwa. Mwezi wa nane simu ikaita tena, safari hii ni ya uhasibu, na akaanza kwa kuniuliza ningependa mkononi nibaki na shilingi ngapi.