Muulize Mzee wa Michezo: Ligi ilisimama au ilisuswa?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni bodaboda wa hapa Pasua, Moshi. Juzi kijiweni kuna babu mmoja katuambia enzi za mkoloni huko Algeria timu za wazawa zilijitoa zote ligi ikasimama, mwenzangu akabisha akasema haiwezekani, timu zikijitoa si zinashushwa daraja tu? Tumewekeana kahawa na kashata. Nani kala?

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu yuko sahihi ila kateleza padogo, ligi haikusimama, ilisuswa. Vita ya uhuru Algeria dhidi ya mkoloni Mfaransa ilianza Novemba 1954 na mpira ukawa bado unachezwa, wazawa na timu zao, walowezi na zao. Sasa tarehe 11 Machi 1956 MC Alger, ile timu kipenzi ya Waislamu, yaani wazawa, wa Algiers, wakakutana na Saint-Eugène ya walowezi, mashabiki wakavaana, ikawa vurugu tupu. MC Alger wakaona hapana, wakajitoa, halafu chama cha ukombozi FLN kikaziambia na timu nyingine za Waislamu zifuate, maana ukiendelea kucheza kila Jumapili mkoloni anapata la kusema, mbona nchi shwari tu watu wako uwanjani. Walowezi wakabaki wanacheza wenyewe kwa wenyewe mpaka karibu na uhuru wa 1962. Hapo unamshusha nani daraja?

Kilichoniuma mimi ni vijana, miaka 6 kwa mchezaji ndo umri wote wa mpira huo.

Tena haikuishia hapo. Aprili 1958 wachezaji wa Kialgeria waliokuwa Ufaransa wakatoroka kimyakimya kwenda Tunis kuunda timu ya FLN. Zitouni wa Monaco na Mekhloufi wa Saint-Étienne walikuwa wanategemewa kwenda na Ufaransa Kombe la Dunia Sweden, wakaacha, na huyu Mekhloufi alikuwa bado anatumikia jeshi la Ufaransa, kama JKT yetu tuseme, kwa hiyo huko ni kutoroka jeshi kabisa si mchezo. FIFA ikawagomea, wao wakazunguka wanapiga mechi mpaka China na Vietnam. Uhuru ulipopatikana Mekhloufi akarudi Saint-Étienne kucheza, na fainali ya Kombe la Ufaransa 1968 akafunga yote mawili wakashinda 2-1.

Kashata alipe mwenzako. Kahawa changieni, na babu msimsahau.