Jibu: Minyoo ya kahawia kwenye tangi la samaki, ni ruba?

Mkuu, habari. Umeuliza kama minyoo uliowaona kwenye tangi lako hapo Tabata ni ruba, na kama wameletwa na ile mimea ya kutoka nje. Kwangu Kimara waliwahi kunisumbua.

Anza na kichwa. Zima taa, mulika kioo kwa tochi. Kichwa cha pembetatu, macho mawili kama yenye makengeza, na anateleza taratibu: huyo ni planaria, mnyoo bapa wa majini, wa familia ya Dugesiidae. Ruba ana vinyonyeo viwili, hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha.

Kuhusu kutoka nje, si lazima. Familia hiyo ina jenasi (makundi madogo) kadhaa. Jenasi ya Dugesia ni wenyeji wa Afrika hii hii, na wapo Madagaska, kusini mwa Ulaya na Asia pia. Jenasi ya Schmidtea ndio wa Ulaya na pande za Mediterania. Jenasi ya Girardia asili yao ni bara la Amerika, ila wamefika kwingi na watu. Kwa picha tu huwezi kuwatofautisha kwa uhakika. Wataalamu huangalia viungo vya uzazi kwa darubini, na wanaozaliana kwa kujigawa mara nyingi hawana viungo hivyo!

Usiwakate. Mimi niliwakwangua kwa wembe, kumbe nawazidisha: kipande hukua kuwa mnyoo mzima. Kuwanasa, tumbukiza usiku chupa ndogo yenye tundu na kipande cha ini ndani, itoe asubuhi. Na punguza chakula, mabaki ndiyo yanayowalisha.